Gesti ya Kariakoo inayouliza unakwenda wapi

Ninaandika kwa ajili ya wanawake wenzangu wa mikoani wanaokuja Dar kufuata mzigo na kulala peke yao. Mimi nauza madera na nguo za watoto Songea. Gesti ninayoizungumzia ipo Kariakoo, upande wa Gerezani, na ukishuka mwendokasi Msimbazi unafika kwa miguu. Jina lake silitaji hadharani. Wateja wake wengi ni wanawake wenye fedha taslimu mkobani, na sioni sababu ya kumwonyesha kila mtu mlango wao. Mwanamke anayeihitaji aniandikie, nitampa namba ya mapokezi.

Ya chumba niyamalize haraka. Ni shilingi 30,000 kwa usiku, chai ya asubuhi ikiwemo. Chandarua hakina matundu, shuka ni safi, feni inafanya kazi, na komeo la ndani ni la chuma, linafunga kweli. Maji yakikatika wanaleta ndoo bila kusumbuana. Magodoro ya ghorofa ya pili yameanza kuzama katikati, yangebadilishwa. Chapati ngumu, supu nzuri.

Ninachotaka kukieleza kwa kirefu ni kitabu cha wageni.

Kitabu hicho tunakijua sote: jina, umri, kabila, kazi, utokako, uendako, namba ya kitambulisho, saini. Sehemu nyingi unasukumiwa tu na kalamu iliyofungwa uzi, unaandika unachotaka, mhudumu hata hatazami. Hapa mama wa mapokezi anakijaza mwenyewe huku anakuuliza, na akifika kwenye "uendako" haridhiki ukimjibu Kariakoo. Mtaa gani? Kwa nani? Unarudi saa ngapi? Pembeni amechora kwa rula safu yake mwenyewe: namba ya mtu wako, na ni nani yako. Namba hiyo anaipiga palepale, mbele yako. Mara ya kwanza aliongea na baba yangu mdogo Songea: "Shikamoo baba. Mwanao amefika salama, yupo kwangu Kariakoo. Hii namba itunze." Baba mdogo ameitunza mpaka leo.

Wapo wageni wanaokasirika. Nimemsikia mwanamke mmoja akisema amelipia chumba, hakulipia kuhojiwa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza tena anarudi saa ngapi.

Aliniambia alianza kupiga simu hizo mwaka 2021, baada ya kuifuatilia habari ya Gabby Petito. Mnaikumbuka. Septemba ile uso wa yule binti wa Kimarekani ulikuwa kwenye kila simu, hata sisi wa Songea tulikuwa tunarushiana video zake usiku kucha kwenye kundi letu la kikoba. Alikuwa na miaka 22, ametokea New York, na Julai aliondoka na mchumba wake Brian Laundrie kwa gari jeupe aina ya Ford Transit Connect walilolitengeneza ndani kuwa kitanda na jiko, waende kutembelea mbuga za magharibi ya nchi yao. Njiani alikuwa anaweka picha mtandaoni. Dunia nzima ikamfahamu alipokuwa ameshakufa.

Mama wa mapokezi hasahau ile meseji ya babu. Tarehe 27 Agosti mama yake Gabby alipokea ujumbe kutoka kwenye simu ya binti yake, umemtaja babu kwa jina lake, hivihivi, Stan. Kwa mujibu wa maombi ya upekuzi ya polisi, familia ilishtuka kwa sababu Gabby hakuwa na kawaida ya kumwita babu yake kwa jina. Mzazi yeyote wa kwetu angeshtuka vilevile. Mtoto hamwiti babu yake kwa jina, na siku akimwita, anayeandika si yeye. Tarehe 30 ukaja ujumbe mwingine, eti kwenye mbuga ya Yosemite hakuna mtandao. Tarehe 1 Septemba Laundrie alifika kwao Florida na lile gari la Gabby, peke yake. Taarifa ya kupotea ikafika polisi tarehe 11 Septemba. Siku zote hizo mama yake Gabby alikuwa na simu mkononi na hakuwa na mtu hata mmoja huko porini wa kumuuliza, "Mwanangu amepita hapo?"

Ndiyo maana mama wa mapokezi anataka sauti. Meseji haikubali. Usiporudi kwa wakati atakupigia, ukimjibu kwa kuandika atapiga tena mpaka asikie unaongea.

Mfululizo wa Netflix kuhusu kesi hii ulipotoka Februari 2025, kuna binti wa chuo alikuwa ameupakua kwenye laptopu, tukaangalia kwenye kile kisebule cha ghorofa ya kwanza, wageni kama kumi tumebanana kwenye makochi mawili. Tulipofika kwenye video ya kamera za polisi wa Moab, jimboni Utah, hakuna aliyetafuna tena karanga. Ni tarehe 12 Agosti 2021. Mtu amepiga simu polisi akisema amemwona mwanaume akimpiga mwanamke. Gari linasimamishwa, Gabby analia, anajilaumu mwenyewe, ana alama usoni na mkononi. Laundrie anaongea vizuri na maaskari, anatabasamu. Mwishowe maaskari wanamhesabu Gabby kuwa ndiye aliyeanzisha ugomvi, hawamkamati mtu, wanawatenganisha usiku mmoja tu. Laundrie anapelekwa hotelini. Gabby anabaki na gari.

"Aliyepewa chumba ni mwanaume?" Mama wa mapokezi alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi. Akarudia, "Binti analia, halafu mwenye kupewa chumba ni mwanaume?"

Mzee mmoja mfanyabiashara wa mchele kutoka Kyela akawatetea maaskari. Walichelewesha shari, alisema, wangefanya nini zaidi na binti mwenyewe hataki kumshitaki mchumba wake? Nilimheshimu lakini sikukubaliana naye. Uchunguzi wa kujitegemea uliotolewa Januari 2022 ulisema maaskari wale walifanya makosa, ingawa si kwa kukusudia, na kwamba kwa sheria ya Utah walipaswa kuchukua hatua. Tena palikuwa na shahidi aliyeona kipigo kwa macho yake. Binti anayelia na kusema kosa ni lake, tena mbele ya askari wa kiume, kwangu huo ndio ushahidi wenyewe. Tumelelewa hivyo wengi.

Tangu hapo ndipo nilipoelewa utaratibu mwingine wa gesti hii ambao nilikuwa nauona bila kuufikiria. Wakija wawili, mume na mke au wachumba, mama anamuuliza mwanamke maswali yake mwenyewe, na namba anayoiandika ni ya upande wa mwanamke. Mwanaume akianza kumjibia, atatumwa akasaidie kupandisha mabegi. Na kabla ya kupiga simu huwa anauliza: nani nimpigie, na nani nisimpigie? Hilo ni kubwa. Yupo mwanamke aliyekimbia kipigo nyumbani, na kwake "namba ya ndugu" inaweza kuwa ndiyo namba ya hatari. Huyo ataandika ya rafiki, ya mchungaji, ya mwenzake wa sokoni. Ukutani, juu ya kaunta, zimebandikwa 112 ya polisi na 116 ya watoto, na namba ya askari wa kike wa Dawati la Jinsia, kwa maandishi makubwa yanayosomeka bila miwani.

Kuna swali ambalo binti wa chuo alituuliza usiku ule, na sitaki kulipita. Gabby angekuwa mweusi, dunia ingemtafuta? Huko kwao wenyewe wameliuliza kwa miaka. Mwandishi wa habari Gwen Ifill, marehemu sasa, alilisema hadharani tangu 2004 kwamba vyombo vya habari hukimbilia mwanamke mweupe aliyepotea. Wyoming, jimbo lilelile alikopatikana Gabby, ripoti ya mwaka 2021 ilihesabu wenyeji wa asili 710 waliotolewa taarifa za kupotea kati ya 2011 na 2020. Nani anayajua majina yao? Daniel Robinson, kijana mweusi mtaalamu wa miamba, alipotea jangwani Arizona Juni 2021, na baba yake akahamia huko kumtafuta, akipanga watu wa kujitolea kupekua jangwa. Baba wa Gabby mwenyewe, akiwa bado kwenye msiba, aliwaambia waandishi wa habari kwamba watu wengine waliopotea wanastahili kutafutwa kama binti yake alivyotafutwa. Nampa heshima kwa hilo.

Wala siwabezi wale mamilioni waliokuwa wakifuatilia. Walisaidia. Mke na mume waliokuwa wakizunguka na watoto wao kwa basi walipekua video zao za safari, wakaliona lile gari jeupe limeegeshwa Spread Creek, msitu wa Bridger-Teton, jioni ya tarehe 27 Agosti. Wakawapelekea FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani. Tarehe 19 Septemba mwili ukapatikana eneo hilo. Tena mtu mwingine kabisa, baba mmoja wa Texas aliyekuwa amepotea huko milimani, mwili wake ulipatikana kwa sababu macho ya watu yalikuwa yameelekea upande ule. Lakini walikuwepo pia waliojazana nje ya nyumba ya wazazi wa Laundrie na vipaza sauti usiku, na waliotoa video za kubuni ili watazamwe tu. Mchunguzi wa vifo wa Kaunti ya Teton, Dakta Brent Blue, alitangaza Oktoba kwamba Gabby alinyongwa kwa mikono, na kwamba mwili ulikaa porini wiki tatu hadi nne. Laundrie naye alikutwa amekufa kwenye hifadhi ya Florida mwezi huohuo, amejipiga risasi, pamoja na daftari ambalo FBI walisema amekiri ndani yake. Hesabu zile wiki. Wakati mamilioni wanajifunza kulitamka jina lake, alikuwa ameshakufa siku nyingi. Aliyekuwa anamhitaji ni mtu mmoja, mapema, Moab.

Nimeona mwenyewe jinsi mtu mmoja anavyofanya kazi. Mwaka jana nilikuwa hapo gesti, kulikuwa na binti aliyetoka Singida kwa ajili ya usaili wa kazi Posta. Alisema atarudi saa kumi na mbili jioni. Saa tatu usiku hajarudi, simu haipatikani. Mama aliacha sahani yake ya wali, akafungua kitabu, akampigia kaka wa binti kule Singida. Kaka akakumbuka kuna rafiki wa dada yake Mbagala Rangi Tatu. Tukatafuta namba ya huyo rafiki kupitia watu watatu. Huku mlinzi ameshatumwa kwa dereva wa bodaboda wa pale kona aliyempeleka asubuhi, kumuuliza alimshusha wapi hasa. Ndani ya saa moja sauti ya binti ikasikika kwenye simu: yupo Mbagala, chaji imeisha, wamejisahau kwa maongezi.

Alirudi saa tano amenuna. Alisema yeye ni mtu mzima na amedhalilishwa, sasa kaka yake atamsema mwaka mzima. Ana haki ya kukasirika, na ningekuwa na umri wake ningenuna vilevile. Mama hakumgombeza wala hakumwomba radhi. Alimpashia chakula, akamkalisha pale kaunta, wakapatana kwamba safari ijayo ataandika namba ya yule rafiki wa Mbagala badala ya kaka. Asubuhi niliwakuta wanakunywa chai pamoja.

Najua kuna hoteli za 80,000 mjini zenye kadi ya mlango na kamera kila kona. Nimelala mojawapo, mzigo ulipochelewa bandarini na msambazaji akanilipia. Chumba kilikuwa kizuri sana. Siku mbili hakuna aliyejua kama nipo ndani au nje, na sikupata usingizi.

Haya, mambo ya kujua kabla hujaenda. Basi la mikoani likikushusha Mbezi usiku, usipande bajaji ya mtu anayekufuata na begi. Piga mapokezi, wanaye dereva wao, na mama ataandika namba za usajili za bajaji yake kabla hujapanda. Mchana panda mwendokasi tu. Mzigo mkubwa hawaupokei, uache kwa wakala wa usafirishaji. Fedha usiache chumbani, kuna kasha la chuma mapokezi na unapewa karatasi yenye saini. Jumatatu na Alhamisi vyumba vinajaa mapema, kwa hiyo piga siku moja kabla. Omba chumba cha ghorofa ya tatu upande wa uani: ngazi ni nyingi, ila godoro ni jipya na honi hazifiki. Na uwe na namba ya mtu wako kichwani, maana ataiuliza hata simu yako ikiwa imezima.