Voyage ya ABBA: maoni ya msikilizaji aliyekosea mara ya kwanza

Albamu hii ya ABBA, kundi la pop la Sweden, ilipotoka tarehe 5 Novemba 2021, niliisikiliza kwa spika ya simu huku nafanya shughuli nyingine. Nikaona ni wazee wanajikumbusha ujana wao, nikaiweka pembeni. Miezi kadhaa baadaye nikanunua santuri yake, nikakaa chini, nikavaa hedifoni, na hapo ndipo niliposhtuka kwamba ile mara ya kwanza sikuwa nimesikiliza kitu. Basi maoni haya ni ya mtu aliyekwisha kukosea mara moja, muyapokee hivyo.

Kwa wasiojua walikotoka: albamu iliyotangulia hii, The Visitors, ilitoka Novemba 1981. Kufikia hapo ndoa zote mbili za kundi zilikuwa zimekwisha, ya Björn Ulvaeus na Agnetha Fältskog, na ya Benny Andersson na Anni-Frid Lyngstad, ambaye tumezoea kumwita Frida. Mwaka uliofuata walirekodi nyimbo chache tu, halafu kimya. Hawakuitisha mkutano kutangaza kuvunjika, kila mmoja alishika lake. Benny na Björn wakaenda kutunga kwa ajili ya jukwaa. Agnetha alitoa albamu yake mwaka 2013, na Frida alikuwa hajatoa albamu yake mwenyewe tangu 1996.

Kilichowarudisha studio wala hakikuwa albamu. Palikuwa na mpango wa onyesho ambalo wao wangeonekana jukwaani katika maumbo ya kompyuta, wakiwa vijana kama zamani, huku bendi ya watu halisi ikipiga vyombo. Onyesho hilo lilikuja kufunguliwa London Mei 2022. Lilihitaji nyimbo mpya, na Aprili 2018 wakatangaza kwamba wamekwisha kurekodi mbili. Tarehe zikasogezwa, kisha zikasogezwa tena, na katika kusubiri huko nyimbo zikaendelea kuzaliwa hadi zikafika 10. Ukilijua hili utaelewa kwa nini albamu haina haraka. Hapakuwa na mtu aliyewashikia saa.

Kazi ilifanyika kwenye studio ya Benny, Riksmixningsverket, iliyoko kisiwa cha Skeppsholmen jijini Stockholm, kwao Sweden. Gita linapigwa na Lasse Wellander, aliyekuwa kwenye rekodi zao tangu miaka ya 1970. Mtu ambaye nilimkosa, na nilichukua muda kugundua kuwa ndiye ninayemkosa, ni Michael B. Tretow, fundi mitambo wao wa enzi zile. Ule mng'ao wa ABBA ya zamani una mkono wake: sauti ikirekodiwa mara ya pili juu ya ile ya kwanza, alikuwa akibadilisha kidogo tu mwendo wa utepe, hivyo tabaka mbili hazilingani sawasawa na sikio linasikia kitu kipana kuliko watu wawili. Kwenye Voyage mng'ao huo umepungua. Sauti zimeachwa karibu, unasikia pumzi. Mwanzoni nililiona hilo kuwa kasoro, sasa ndilo linalonifanya nirudi.

Maana sauti zenyewe zimezeeka. Siku albamu inatoka Frida alikuwa na miaka 75 na Agnetha 71. Wote wameshuka, ule ukali wa juu uliokuwa ukipasua dari haupo tena, na watunzi hawakujaribu kuulazimisha. I Still Have Faith in You inafunguliwa na Frida peke yake, taratibu, chini kabisa, kama anayejaribu maji kwa ncha ya kidole. Pale Agnetha anapoungana naye, mwimbaji yeyote wa kwaya atajua kinachotokea: watu waliowahi kuimba pamoja kwa miaka hawahitaji kutafutana. Sauti ya pili inakaa mahali pake yenyewe.

Sasa sikilizeni hili, na ni sababu ya kununua santuri badala ya kuisikiliza mtandaoni. Wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza ni Just a Notion. Uimbaji wake ni ule ule waliorekodi mwaka 1978, ukabaki kabatini, na Benny akautengenezea vyombo vipya. Yaani hapo Agnetha ana miaka 28 na Frida 32. Wanapiga kelele za furaha, piano inaruka, kila kitu kinang'aa. Wimbo unakwisha. Unainuka, unageuza santuri, unashusha sindano, na Agnetha anaingia na I Can Be That Woman, taratibu, akiwa mama mtu mzima anayezungumzia ndoa iliyochoka na mbwa anayeitwa Tammy. Umetumia labda nusu dakika kugeuza sahani, na yeye amezeeka miaka 40. Sijui kama walipanga iwe hivyo. Kwenye simu nyimbo zinafuatana tu na hulioni pengo.

Wapo wanaosema Just a Notion haikustahili kuwemo, kwamba ni kiporo kilichopashwa moto. Nilikuwa kambi hiyo. Lakini ukiutoa, nyimbo nyingine 9 zinapoteza kipimo chake.

Bora kuliko zote kwangu ni Keep an Eye on Dan. Mama anamkabidhi mtoto kwa baba yake kwa siku chache, anatoa maagizo, anajikaza mpaka afike kwenye gari. Wengi tunajua nyumba za namna hiyo, na nyimbo za pop haziziingii sana, zinaishia mlangoni kwenye kuachana. Mdundo unatembea kama mtu anayetaka kuondoka upesi kabla machozi hayajaonekana. Halafu mwishoni kabisa piano inadondosha noti chache za SOS, wimbo wao wa 1975. Mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya, nikarudisha sindano.

Don't Shut Me Down ni wa kuchezeka na hauhitaji utetezi wangu. When You Danced with Me una ladha ya ngoma za Ireland, mzuri bila kung'ang'ania. Bumblebee nimejitahidi nao: nyuki, bustani, hofu ya tabianchi, nia njema tele, lakini wimbo unaelea na kutua bila kuuma. Ode to Freedom unafunga albamu kwa nyuzi nzito za okestra na ni mfupi kuliko nilivyotaka.

Little Things ni wimbo wa asubuhi ya Krismasi na mwishoni wanaingia watoto wa kwaya. Umewekwa wa tatu. Wa tatu! Ndio kwanza mtu ameanza kukaa vizuri kwenye kiti. Nyota moja kati ya tano nimeikata hapo.

Kwa wanaosita: msianze na nyimbo kubwa za zamani kisha mkaingia humu, mtaumia kama nilivyoumia. Anzeni na The Visitors, ambayo nayo ni ya baridi na ya watu wazima, mlale, kesho yake mweke Voyage kuanzia upande wa pili. Dakika zake zote hazifiki 40. Mimi huanza na upande huo kila mara, na Desemba ikifika bado nauruka ule wa Krismasi.