Safu ya nne: tathmini ya huduma ya washauri wa kupunguza wafanyakazi

Mwajiri wetu jijini Dar es Salaam alipotangaza kwamba angepunguza wafanyakazi, alikodi kampuni ya washauri elekezi iendeshe zoezi zima, nami nikahudhuria vikao vyote vya mashauriano kwa niaba ya tawi la chama cha wafanyakazi. Naandika kwa ajili ya waajiri wanaofikiria kununua huduma ya namna hiyo, na zaidi kwa ajili ya wale watakaoketi upande wangu wa meza.

Kuhusu malipo sina lawama. Kila aliyeondoka alipewa mchanganuo wa notisi, likizo na kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili wa utumishi, hadi miaka 10, kama inavyotaka Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Nilizikagua hesabu zote na sikuona kosa.

Kasoro ilikuwa katika jedwali la kuchagua nani abaki. Safu tatu, yaani miaka ya utumishi, ujuzi na nidhamu, zilijazwa kutoka katika majalada ya watumishi. Safu ya nne, iliyoitwa "umuhimu kwa mwelekeo wa kampuni" na kubeba alama 40 kati ya 100, ilijazwa na wakurugenzi peke yao, bila sababu hata moja kuandikwa. Ndivyo mtunza ghala mwenye miaka 14 kazini na jalada lisilo na onyo alivyopitwa na kijana wa miezi minane aliyeletwa na mmoja wa wakurugenzi hao hao. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinautambua utaratibu wa aliyeingia mwisho kutoka kwanza, ila zinamruhusu mwajiri kubakiza watu wenye ujuzi wa pekee. Nilipouliza ni ujuzi gani huo wa pekee, mshauri alijibu kwamba safu ya nne haikuwa yake. Jibu hilo lilinisikitisha kuliko jedwali lenyewe, kwa sababu nembo ya kampuni yake ilikuwa juu ya kila ukurasa, na wenzetu waliamini alama zile kwa kuwa zilitoka kwa mtu wa nje.

Sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa zote husika na kushauriana kuhusu namna ya kuchagua, kabla ya kuamua. Sisi tulioneshwa majina kwanza. Tulikataa kusaini, tukaeleza kwa barua kwamba tungelipeleka suala hilo kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ndipo wakurugenzi walipotakiwa kuandika sababu mbele ya kila alama waliyotoa. Kwa majina manne hawakuwa na la kuandika. La mtunza ghala lilikuwa mojawapo, na bado yuko kazini.

Mkiletewa jedwali kama hilo, ulizeni katika kikao cha kwanza nani anajaza kila safu.