Broken ya Nine Inch Nails kwenye spika ya mono: magitaa yamekwenda wapi?

Nina hasira, kwa hiyo nianze na nyota kabla sijabadili mawazo. Broken, EP (rekodi fupi kuliko albamu) ya bendi ya Nine Inch Nails ya mwaka 1992, naipa tano. Spika ya bluetooth niliyouziwa hivi karibuni Kariakoo haistahili hata moja. Kasha limeandikwa "STEREO" kwa herufi kubwa, yaani kushoto na kulia kila upande na sauti yake, lakini ndani ni mono: vipaza sauti viwili vinavyopiga kitu kilekile. Nilipoirudisha na kueleza kwamba magitaa yamefifia, muuzaji hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Kaka, muziki wenyewe makelele. Hata ikiwa mbovu utajuaje?"

Nitajua. Yeyote anayeifahamu kazi hii atajua kabla "Wish" haijafika kiitikio.

Pretty Hate Machine, albamu yao ya kwanza ya 1989, ilisimama juu ya sinthesaiza na mashine za ngoma. Broken ilikuja Trent Reznor, kiongozi wa bendi, akiwa kwenye mgogoro na lebo yake, TVT, na safari hii alipakia magitaa mazito juu ya mashine zile. Wimbo wa kwanza, "Pinion", unapanda kwa dakika moja hivi, kisha "Wish" inafyatuka na ngoma za Martin Atkins. Wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy ya muziki wa metali mwaka 1993, na ulistahili. Nguvu yake haitokani na sauti kubwa peke yake, inatokana na upana: sauti ya mwimbaji na ngoma ziko katikati, magitaa yametandazwa kulia na kushoto. Ndiyo maana EP yenyewe imebeba onyo la maandishi kwamba isitumike kwenye vifaa vya mono. Watu wanadhani ni pambo. Si pambo.

Kinachotokea ni hiki. Kifaa cha mono kinajumlisha upande wa kushoto na wa kulia kuwa kitu kimoja. Kilichopo katikati kinabaki kama kilivyo. Gitaa lililo upande mmoja tu linashuka kwa desibeli 6 likilinganishwa na cha katikati. Wimbi likiwa limegeuzwa upande mmoja, pande mbili zinafutana na hakibaki kitu. Na kama gitaa lilelile limecheleweshwa upande mmoja kwa milisekunde 1, masafa ya 500 Hz, 1500 Hz na 2500 Hz yanatoboka, hapohapo kwenye nyama ya gitaa lenye mkwaruzo. Kwenye spika ile wimbo wa "Last" ulibaki ngoma, mtu anayefoka, na nyuzi zinazolia kama nyuki ndani ya debe. Na hapo ndipo penye rifu (kipande cha gitaa kinachojirudia) zito kuliko yote kwenye EP nzima!

Kujihakikishia ni rahisi. Vaa hedifoni za waya, fungua mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, uwashe na kuzima sauti ya mono huku "Last" ikipiga. Tofauti utakayoisikia ndiyo unayoibiwa. Kisha ukague waya: plagi ya stereo ya 3.5 mm ina pete mbili nyeusi, yenye pete moja ni ya mono. Plagi ikiwa haijaingia vizuri na mguso wa ardhi (ule unaotumiwa na pande zote mbili) umekatika, utasikia kinyume chake: mwimbaji anafifia, magitaa yanabaki yakielea. Na kwenye redio yenye spika mbili za waya, ukigeuza nyekundu na nyeusi upande mmoja tu, besi inakufa. Wengi hapo huongeza besi kwenye ikwalaiza mpaka spika inapasuka, wakati dawa ni kugeuza nyaya mbili.

Nikiwa na hasira zaidi nilitaka kuipunguzia EP yenyewe nyota. Mafundi wa studio hupima miksi kwenye mono miaka yote, na msikilizaji wa spika moja ana haki ya kusikia gitaa alilolilipia. Hoja hiyo bado ina uzito kwangu, hasa huku kwetu ambako nyumba nyingi zina spika moja tu. Lakini Reznor aliandika onyo, yule wa kasha aliandika uongo. Hawa wawili siwaweki kwenye mizani moja. Nyota tano zinabaki, labda nne na nusu, kwa sababu masafa ya kati yamejazwa mno na sikio linachoka mapema.

Anayetaka kuisikia sawasawa bila gharama kubwa aachane na spika moja. Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinaishinda ile ya kwangu mbali sana. Ukiwa na spika mbili za bluetooth zinazoungana, zitenganishe kama mita mbili, ukae umbali sawa na kila moja, na uhakikishe moja imepangwa kushoto na nyingine kulia, maana nyingi zikiungana hupiga mono mpaka uzibadilishe mwenyewe. Kwenye CD usizime baada ya wimbo wa sita. Zinafuata namba tupu za ukimya, halafu "Physical" iko kwenye 98 na "Suck" kwenye 99.

Pesa yangu bado sijarudishiwa.