Valvu za nguvu za amplifaya ya gitaa: ununue zipi ukiwa Malindi

Amplifaya za valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, si nyingi hapa Malindi. Zilizopo, aghalabu Marshall, Fender au Peavey, zililetwa na wageni waliokuja kukaa, wakauza nyumba wakaacha vyombo. Nyingine ziko mahotelini, mbili tatu makanisani, na chache mikononi mwa vijana wanaopiga harusi. Zote hufika siku sauti ikalegea, besi ikakosa mshiko, au fyuzi ikawa inakatika kila ukiwasha. Hapo mtu huanza kuulizia valvu mpya, na ushauri anaoupata umeandikwa na watu wenye stima tulivu na fundi wa amplifaya mtaa wa pili. Sisi hatuna hayo. Valvu ya kununua huku ni ile inayovumilia volti zisizokaa mahali pamoja, itakayopatikana tena mwakani ukiihitaji, na ambayo ikifa haikufilisi. Utamu wa sauti naupanga nyuma ya hayo matatu, na wapigaji wengine watanikasirikia.

Kabla ya pesa kutoka, hakikisha ni valvu za nguvu zilizokufa. Ni zile kubwa, mara nyingi mbili au nne, zilizo karibu na transfoma. Angalia ule mpako wa fedha ndani ya kioo: ukiwa mweupe kama chokaa, hewa imeingia na valvu hiyo imekwisha. Sahani ya ndani, yaani bamba la chuma linalopokea mkondo, ikiwaka nyekundu, zima hapo hapo. Mwanga wa buluu unaocheza kwenye kioo usikutishe, huo ni wa kawaida. Kama ni mlio wa "ting" unaosikika ukigonga kwa penseli, huenda mkosaji ni valvu ndogo ya mbele, 12AX7, ambayo ni rahisi zaidi na haihitaji kupangiwa bayasi, yaani mkondo ambao valvu huvuta ikiwa imetulia.

Halafu jua aina. Marshall nyingi hutumia EL34. Fender kubwa kama Twin Reverb na Hot Rod Deluxe hutumia 6L6, Deluxe Reverb hutumia 6V6, na EL84 utaikuta kwenye Vox AC15 na AC30, Blues Junior na Peavey Classic 30. Usichanganye. Watu hupotea kwa EL34 na 6L6 kwa sababu zote zina miguu minane na zinaingia soketi moja. Hita, yaani uzi unaoipasha valvu joto, ya EL34 hula ampea 1.5, ya 6L6 hula 0.9, kwa valvu nne hiyo ni nyongeza ya ampea 2.4 juu ya transfoma ambayo haikujengwa kubeba mzigo huo. Tena mguu namba moja wa EL34 una kazi yake, na kwenye 6L6 hauna, kwa hiyo amplifaya iliyotengenezewa 6L6 yaweza kuwa haina waya unaotakiwa hapo. Muuzaji akikwambia "zote ni moja tu, ndugu yangu," mshukuru, uende zako.

Sasa orodha yangu.

Ya kwanza ni JJ, zinazotengenezwa mji wa Čadca, Slovakia. EL34 yao ina sauti nene ya katikati na juu imetulia. Anayetaka gitaa likwaruze ataiona imepoa, lakini kwa bango, kwa rumba na kwa gitaa linalotembea nyuma ya mwimbaji wa taarab, ndiyo hasa inayotakiwa. Jozi kwa kawaida huuzwa kati ya dola 40 na 60 kabla ya usafiri, na maduka mengi ya Ulaya na Marekani yanayo. Kilichonifanya niiweke juu kabisa lakini ni 6V6S yao. Deluxe Reverb huipa valvu zaidi ya volti 400, wakati 6V6 ya asili ilipangiwa kikomo cha chini ya hapo. JJ wao wameijenga nene na kuiandikia volti 500. Stima ikipanda usiku wa manane, nafasi hiyo ya ziada ndiyo inayokuokoa.

Ya pili ni Electro-Harmonix. Kiwanda kiko Saratov, Urusi, chini ya New Sensor ya New York, kampuni ya Mike Matthews. Sauti yake iko wazi zaidi juu, na 6L6 yao kwa Fender safi naipenda kuliko ya JJ. Mbona basi si ya kwanza? Kwa sababu Machi 2022 Urusi ilizuia bidhaa hizi zisitoke, maduka yakaishiwa, bei zikaruka. Baadaye zilitoka tena, lakini anayetegemea mlango mmoja ambao umeshawahi kufungwa ajue anachotegemea. Ukizikuta kwa bei nzuri, chukua na akiba.

Tatu naziweka Tung-Sol na Mullard za sasa, na hapa watu hushangaa wakisikia kwamba zinatoka kiwanda kile kile cha Saratov, pamoja na Sovtek, Genalex Gold Lion na zile zinazouzwa kwa jina la Svetlana. Mullard ya zamani ilikuwa ya Blackburn, Uingereza. Ya leo imerithi jina tu. Si kwamba ni valvu ileile iliyobadilishwa shati, ndani zimetofautishwa, na Tung-Sol 6L6GC STR ni valvu nzuri kweli. Ila sehemu ya pesa unayoongeza inalipia maandishi. Kwa mpigaji wa hoteli anayecheza usiku sita kwa wiki msimu wa kaskazi, pesa hiyo inunue jozi ya akiba.

Za China zinafuata. Shuguang ya Changsha ililisha maduka ya dunia miaka mingi kwa majina tofauti, na Psvane ana valvu za heshima, lakini hizo za heshima si rahisi. Zile rahisi, zinazouzwa moja moja mtandaoni bila kipimo chochote, ndizo zinazowavutia watu wetu, na ndizo nisizozitaka. Nitaeleza sababu hapo chini.

Kuna na majina kama Groove Tubes, Ruby na Mesa/Boogie. Hao kazi yao ni kununua, kupima na kubandika jina. Kiwanda ni cha mtu mwingine. Ulipie pale tu upimaji una maana kwako. Mwenye amplifaya ya Mesa hana budi, kwa sababu nyingi hazina sehemu ya kurekebisha bayasi, na valvu lazima ziwe ndani ya kiwango chao.

Mwisho kabisa ni valvu za zamani ambazo hazijatumika: RCA, GE, Mullard ya Blackburn. Ni nzuri, sikatai. Lakini bei yake ni mara kadhaa ya mpya, wapo wanaofuta maandishi na kuchapa mengine, na ukiletewa mbovu utamrudishia nani? Tofauti moja tu: redio kubwa za zamani za Ulaya, zile za mbao ambazo bado ziko sebuleni kwenye nyumba kadhaa za Malindi na Amu, mara nyingi zina EL84 ndani. Kama redio imekufa na mwenyewe ameridhia, ipeleke valvu ikapimwe. Huenda ikawa moja peke yake, basi itafaa amplifaya ndogo ya mazoezi.

Nimesema nisizozitaka ni zile zisizo na kipimo. Valvu za nguvu hufanya kazi mbili mbili, kila moja ikisukuma upande wake. Moja ikivuta mkondo mwingi kuliko mwenzake, itachoka mapema na amplifaya itanguruma. Kwa hiyo agiza jozi iliyolinganishwa, au nne zilizolinganishwa kama amplifaya inatumia nne. Ukishapata, bayasi ipangwe, isipokuwa amplifaya yako inajipangia yenyewe kama Vox AC30. Hesabu si ngumu: chukua uwezo wa sahani, EL34 ni wati 25 na 6L6GC ni wati 30, chukua asilimia 70 yake, ugawe kwa volti za sahani. Kwa volti 450, EL34 inapata kama milliampea 39, na 6L6GC kama 47. Hicho ni kikomo cha juu. Huku mimi husema kaa chini yake kidogo. Kazi yenyewe mpe fundi anayejua, kwa maana volti 450 hubaki ndani ya kapasita hata waya ukiwa umechomolewa, na zinaua. Fundi wa redio mwenye mita nzuri anaweza, mradi umpelekee namba hizi na usimharakishe.

Kwa nini chini ya kikomo? Stima yetu ni volti 240, na amplifaya nyingi za Ulaya zimeandikwa 230. Tayari umepanda zaidi ya asilimia 4: zile 450 za sahani zimekuwa kama 470, na hita ya volti 6.3 iko karibu 6.6. Ongeza siku ambazo laini yenyewe inapanda. Kidhibiti volti kizuri ni sehemu ya bei ya valvu, usikihesabu kama anasa. Kama amplifaya ni ya Marekani ya volti 120, transfoma ya kushusha lazima, tena yenye wati za kutosha.

Chumvi ni adui mwingine. Nyumba iliyo karibu na bahari, miguu ya valvu na soketi hushika kutu, mguso ukawa hafifu, na mtu akadhani valvu imekufa. Amplifaya ikiwa imezimwa, imechomolewa na kupoa, chomoa na uchomeke valvu mara kadhaa, ukitumia dawa ya kusafishia swichi, kabla hujaagiza chochote. Na anayekwenda kupiga Amu, asivuke kutoka Mokowe valvu zikiwa ndani ya amplifaya. Zichomoe, uweke alama ipi ilikaa wapi, uzifunge kwenye leso na uzipakate mwenyewe. Boti ikipiga mawimbi ya kusi, amplifaya itavumilia, kioo hakitavumilia.

Njia bora ya kuzipata ni mtu anayekuja kwa ndege, azibebe mkobani. Ukiagiza kwa kampuni ya usafirishaji, hesabu VAT ya asilimia 16, ushuru na ada nyingine juu ya bei na usafiri, ndipo ujue gharama halisi. Kwa kuwa ada ya usafiri haiongezeki sana kwa kitu kidogo, agiza kwa pamoja jozi mbili, 12AX7 moja, na fyuzi za kiwango kile kile kilichoandikwa nyuma ya amplifaya, nyingi. Fyuzi ndizo za kwanza kukosekana dukani, na ndipo mtu hufunga waya wa shaba, akaunguza transfoma ambayo bei yake ingemnunulia valvu za miaka.