Uzoefu wangu: nilinunua Tom na Jerry ya piano, DJ akaongea juu ya muziki wote

Naandika nikiwa na hasira na sitaki zipoe kabla sijamaliza. Kama unatafuta katuni za zamani za kuweka kwenye flashi, lile duka la muvi lililo karibu na kituo cha daladala mtaani kwetu liogope kama ukoma.

Wiki chache zilizopita niliwapelekea flashi. Sikutaka vitu vingi, nilitaka hasa ile moja ambayo Tom anapiga piano. Wengi mnaijua kwa sura, jina lake ni The Cat Concerto, ya mwaka 1947, kazi ya William Hanna na Joseph Barbera walipokuwa studio ya MGM, na ilipata Oscar. Kijana wa kwenye kompyuta akanipa shikamoo, akasema, "Ipo mzee, tena safi kabisa." Nikalipa elfu tano, nikarudi nyumbani kama mtu aliyeambiwa rafiki yake wa utotoni yuko mjini.

Jioni nikawaita wanangu, nikaunganisha sabufa. Tom akatokea jukwaani amevaa koti jeusi lenye mikia nyuma, akainamia watu kwa heshima zote, akaketi. Mikono ikapanda juu. Nimebana pumzi nasubiri noti ya kwanza, nasikia: "Oyaa wanangu, huyu ndiye paka tajiri wa Masaki, leo kaja kutupigia mnanda!"

Imetafsiriwa. Katuni ambayo paka na panya hawasemi neno hata moja, DJ, yaani yule mtafsiri wa muvi, amekaa akaitafsiri, na piano ikashushwa hadi ikawa kama redio ya jirani inayosikika ukutani.

Mimi sina ugomvi na wanaotafsiri muvi. Nimekulia kibanda umiza, na muvi za Kichina nilizielewa kwa sababu yao, Mungu awabariki. Lakini kule kulikuwa na maneno tusiyoyajua. Hapa kuna nini cha kutafsiri? Kila kitu kinachotokea kwenye dakika hizi saba na ushee kimeshasemwa na piano.

Napiga kinanda kwenye kwaya ya parokia yetu kwa miaka mingi, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Anachopiga Tom ni Rapsodia ya Kihungaria namba 2 ya Franz Liszt, aliyoitunga 1847, yaani miaka 100 kabla ya katuni yenyewe kutoka. Inaanza taratibu na kwa uzito, kama mtu mzima anayesimulia msiba, halafu mbele inageuka kuwa ngoma ya mbio ambayo hata mpigaji mzuri jasho linamtoka. Na tazameni vidole vya Tom! Nimeisimamisha picha mara nyingi tu. Muziki ukishuka kwenye besi, mkono uko kushoto kabisa. Ukipanda kwenye vile vinoti vyembamba vya juu, kidole kiko kulekule. Waliochora walikuwa wanasikiliza. Siku hizi naona katuni mpya mhusika anapiga gitaa huku mkono unapapasa tu, naumia.

Halafu Jerry. Amelala ndani ya piano, juu ya nyundo zile zinazogonga nyuzi, Tom anavyopiga ndivyo zinavyomrusha. Kuanzia hapo ni vita, na kila pigo linaangukia kwenye mdundo. Jerry anambamizia Tom mfuniko kwenye vidole. Anafungiwa ndani ya kiti, anakifanya kiti kipande na kushuka na Tom juu yake. Wakati fulani anarukaruka juu ya nyundo na Liszt anageuka jazi ya Kimarekani, kisha anarudi kuwa Liszt bila muziki kukatika. Hapo ndipo unamheshimu Scott Bradley, aliyeandika muziki wa Tom na Jerry miaka yote ile pale MGM. Mwaka 1946 studio ya Warner Bros. nao walitoa sungura wao Bugs Bunny akipiga wimbo huohuo wa Liszt, na studio mbili zikashutumiana kuibiana. Nimeziona zote mbili. Sungura ananichekesha, lakini nikitaka kusikia piano natazama ya paka.

Ila kilichonichoma hasa ni pale kwenye mtego. Jerry anang'oa kii kadhaa za piano, anaweka mtego wa panya mahali pake. Tom hajui. Kidole kinapiga huku, kinaruka, kinapiga kule, mtego uko katikati, kinaukosa, kinaukosa tena, na wewe unasikia kwenye noti kabisa kwamba hatari iko hapo. Kisha pap! Toka utotoni, tulipokuwa tunajazana sebuleni kwa jirani tumeacha ndala mlangoni, mimi nasubiri sekunde zile. Safari hii nikasikia, "Usiguse hapo, we paka, usiguse, utakufa!" juu ya muziki wote. Nikazima.

Kesho yake nikarudi. Shikamoo haikuwepo tena. Kijana hakuinua hata macho kwenye simu: "Mzee, hiyo katuni ya watoto. Ukitaka muziki si ununue redio?" Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Nina umri wa baba yake. Nilikuwa niandike siku ileile kwamba nyota sifuri.

Lakini niseme haki. Nilimjibu, "Mdogo wangu, niazime dakika nane tu." Akaguna, akapekua kompyuta, akaipata ambayo haijatafsiriwa, picha imefifia lakini sauti iko wazi. Akaifungulia palepale kwenye spika ya duka. Ilipofika kwenye mtego alikuwa ameshaweka simu mezani. "Kumbe humu kuna wimbo," akasema, akauliza mtunzi ni nani, nikamwandikia jina la Liszt kwenye karatasi ya risiti. Akanijazia flashi bila kunidai chochote. Kwa hiyo ile habari ya ukoma naifuta. Nendeni, ila msitoe hela kabla hamjasikiliza.

Au msiende. Maana nimefika nyumbani nikakuta faili imekatwa. Tom amefika mwisho, koti limevurugika, hoi, anadhani amemaliza, Jerry anauanzisha muziki tena kwa kugonga nyuzi kwa nyundo alizozivunja, Tom anadaka, anapiga kwa nguvu za mwisho, na hapohapo kioo kikawa cheusi. Binti yangu akaniuliza, "Baba, nani alipigiwa makofi?" Mwisho wa katuni nzima uko hapo, taa kuhama kutoka kwa Tom aliyezimia kwenda kwa yule panya mdogo, na mtoto wangu hajauona!

Nimekaa kwenye kinanda nikampigia ule mwisho kadiri nilivyoweza, kisha nikamwomba avute subira. Kesho nikitoka kazini narudi na flashi ileile, na siondoki pale mpaka taa imwangukie Jerry.