Kuchangia visa vya maji kwenye kamusi elezo ya mtandaoni: uzoefu wangu

Ukidhani kazi ni kunakili ripoti uliyonayo na kuibandika, utakwama mapema. Kamusi elezo ninayochangia inahusu usimamizi wa maji tu. Mwenye akaunti yeyote anaweza kuhariri, ila kila uchunguzi kifani, yaani kisa kimoja halisi kinachochambuliwa, unapitia kiolezo, fomu yenye sehemu zilizopangwa tayari: mahali, hali ya hewa, ukubwa wa bonde, matumizi ya maji, wadau, halafu maswali ya uchambuzi. Sehemu za mwanzo ni za kujaza tu.

Nilipeleka kisa cha maji ya chini ya ardhi yanayotumiwa kwa pamoja na jimbo la Geneva, Uswisi, na jirani zao wa Haute-Savoie, Ufaransa. Mikataba ya mito inayovuka mipaka imeandikwa sana. Ya visima ni ya kutafuta kwa tochi. Kuanzia miaka ya 1960 maji yalivutwa kuliko yanavyorudi ardhini, na katika takriban miaka 20 usawa wa maji hayo ukashuka zaidi ya mita 7. Mwaka 1978 wakatia saini mkataba. Geneva ijenge mtambo wa kuchukua maji ya mto Arve, kuyasafisha na kuyarudisha ardhini. Wafaransa waruhusiwe kuvuta mita za ujazo milioni 5 kwa mwaka na wachangie gharama, lakini milioni 2 kati ya hizo wasilipie, kwa kuwa ardhi yao nayo hulisha maji hayo ya chini ya ardhi. Na kila kisima kiwe na mita ya kupima maji yanayovutwa.

Kwenye kisa kama hiki kiolezo kinakera. Kinadai jina la mto, nchi ya mkondo wa juu na ya mkondo wa chini, na nafasi tupu hakikubali. Sasa maji yaliyotulia chini ya miguu ya watu wa pande zote mbili, nani yuko juu? Nikaandika Arve ili nipite, nikafafanua kwenye maelezo. Matokeo yake, ukitafuta visa vya visima kwenye ramani yao, hiki hukioni. Nimewaandikia wahariri, hadi leo kimya.

Kilichonibakiza ni sehemu ya uchambuzi. Ukweli wa kisa unakaa upande mmoja, tafsiri upande mwingine, na kila tafsiri ina jina la aliyeiandika. Yangu ilisema mkataba umedumu kwa sababu majirani waliaminiana. Mchangiaji mwingine hakuifuta, akaweka yake chini: kilichowakutanisha ni hesabu, maana kurudisha maji ardhini kulikuwa nafuu kuliko kujenga mtambo mwingine wa kusafisha maji ya Ziwa Geneva, na kuaminiana kulikuja baada ya mita. Bado nashikilia yangu, ingawa hoja ya mita ina uzito. Msomaji anazikuta zote mbili, pamoja na taarifa kwamba mkataba ule wa miaka 30 ulipokwisha walifunga mwingine ulioanza 2008. Ripoti za kawaida hazikupi nafasi hiyo. Mwandishi mmoja anahitimisha, basi.

Malipo hakuna, usijiunge ukiyatarajia. Tumia kompyuta, kwenye simu majedwali yanavurugika. Na kama data ni za mwajiri wako, omba ruhusa kwanza: ukishachapisha, leseni yao inamruhusu mtu yeyote kuzitumia tena, na hata ukifuta, toleo la zamani linabaki kwenye historia ya ukurasa.