Tosta Iliyoshindwa na Mkate wa Kilo Moja

Mwezi wa pili mwaka huu nilinunua tosta ya slesi mbili katika duka moja la vifaa vya umeme katikati ya Kampala, kwa shilingi 95,000, nikiamini kwamba ingenipunguzia kazi za asubuhi, kwani nyumbani kwetu Kireka tuko watu watano na watoto huondoka kwenda shuleni kabla ya saa moja. Nimeitumia kwa miezi mitatu, na nasikitika kusema kwamba sijaridhika nayo hata kidogo.

Kasoro kubwa ni vipimo vyake. Mkate tunaonunua ni ule wa kilo moja uliokatwa tayari, unaopatikana karibu kila duka la mtaani. Slesi yake ikitiwa katika tundu la tosta hii, upande wa juu hubaki nje kwa upana wa vidole viwili, hivyo hutoka ikiwa ya kahawia chini na nyeupe juu. Ukitaka iive yote, huna budi kuigeuza kichwa chini na kuirudisha, na hapo sehemu ya katikati, ambayo ilikwisha kupata moto mara ya kwanza, huungua.

Slesi za mkate wa nusu kilo nazo huzama kabisa, na kwa kuwa kishikio hakizinyanyui vya kutosha, vidole havizifikii. Asubuhi moja nilimkuta mama mkwe wangu akitaka kuchomoa slesi kwa uma, na plagi ingali ukutani. Nilimshika mkono na kumwambia, “Mama, tafadhali, tuzime kwanza.” Nyaya za ndani ya tosta ziko wazi, hazina ganda lolote, na umeme wetu ni wa volti 240, uma ukizigusa wakati zinapitisha umeme, aliyeushika anaweza kupoteza maisha. Tosta inayomlazimisha mtu kutafuta uma kila siku imeundwa vibaya, na hili ndilo lililonikera kuliko mengine yote.

Kisha kuna kile kitufe cha kuzungusha chenye namba 1 hadi 6. Namba 3 hutoa tosti nzuri katika zamu ya kwanza, lakini zamu ya pili hutoka nyeusi, kwa sababu kifaa kinachohesabu muda hakijali kwamba ndani kumekwisha kupata joto. Kwa familia inayohitaji slesi kumi, kila zamu inabidi nipunguze namba kwa kukisia, na kwa vile hakuna kitufe cha kusitisha, nikiona moshi nalazimika kuchomoa plagi. Chenga za mkate hazina sinia la kuangukia, zinabaki chini zikiungua. Umeme wenyewe si tatizo: kwa wati 850 na dakika tatu kwa kila zamu, zamu tano hazifiki hata robo ya uniti ya Yaka, yaani umeme wetu wa kulipia kabla.

Nilimpelekea fundi mmoja wa Nakawa, akaifungua mbele yangu. Alinionyesha vibao vyembamba vya maika, madini yasiyoungua kwa moto, vilivyozungushiwa waya unaowaka, akanihesabia mizunguko: kibao cha upande mmoja kilikuwa na kumi na minne, cha upande wa pili kumi tu. Ndipo nilipoelewa kwa nini uso mmoja wa slesi hukauka huku mwingine ukibaki laini. Alisema hakuna kilichoharibika, kwa hiyo hakuna cha kutengeneza, na hakunitoza chochote.

Niliirudisha dukani nikiwa na risiti. Mwuzaji alinisikiliza kwa heshima, kisha akanijibu, “Nnyabo, hiyo si hitilafu, ndivyo ilivyotengenezwa,” na kwamba dhamana ya mwaka mmoja inahusu tosta iliyokufa tu, si inayowaka. Sikubishana naye kuhusu ukweli wa maneno hayo, kwa kuwa lalamiko langu ni hilohilo: ndivyo ilivyotengenezwa, na aliyeitengeneza hakuupima mkate tunaokula huku.

Kwa sasa tumerudi kwenye kikaango, siagi kidogo na moto mdogo wa gesi, slesi nne kwa mara moja, na watoto wanakula kwa wakati. Nitakaponunua tosta nyingine, nitakwenda dukani na slesi moja ya mkate wa kilo ndani ya mkoba, na nitaomba kuitumbukiza kabla ya kutoa pesa.